Kabla ya Kuvunja Kamati

Hapa kwetu Tanzania harusi ni kazi ya watu wengi. Miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, ndugu, jirani na marafiki huitwa pamoja, wakachagua mwenyekiti, katibu na mhazini, na kamati ikazaliwa. Kamati hiyo hukutana kila juma, hukusanya michango, huwakumbusha walioahidi, hupanga ukumbi, chakula, magari na muziki. Harusi ikiisha, kamati nayo haifi kimya kimya. Hukutana mara ya mwisho kwa shughuli ambayo watu wengi wa mijini wanaijua: kuvunja kamati. Mhazini husoma mapato na matumizi, maharusi hutoa shukrani, nyama huchomwa, na watu huagana kwa furaha.

Nimehudhuria vikao vingi vya namna hiyo, na karibu katika kila kimoja nimesikia maneno ya aina moja. Mtu mmoja, akiwa amekwisha shiba, husema, "Kama tungalijua, maturubai tungaliyakodi mapema." Mwingine huitikia, "Wapishi wale walikuwa wachache tangu mwanzo, ila niliona haya kusema." Mwenyekiti hutikisa kichwa, watu hucheka, na maneno hayo yenye thamani kubwa hupotea pamoja na moshi wa nyama. Hapana wa kuyatumia. Harusi imekwisha, kamati imevunjika, na kamati itakayoundwa mtaa wa pili mwezi ujao itachelewa kukodi maturubai vile vile.

Katika makala haya nataka kueleza namna kazi yangu, ambayo ni kuandika programu za kompyuta, ilivyonifundisha thamani ya kuyasema maneno hayo kabla kamati haijavunjwa. Kadhalika nataka kueleza jambo la pili, ambalo nililijifunza kwa aibu yangu na kwa hasara ya watu wengine: kwamba kikao cha kujisahihisha hakina faida yoyote ikiwa mdogo anaogopa kusema mbele ya mkubwa.

Msomaji asiyeijua kazi hii huenda akadhani kwamba mwandishi wa programu hukaa peke yake mbele ya mashine, akafikiri, akaandika, na kazi ikawa imekwisha. Sivyo. Programu ni maelfu ya maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya, na aghalabu huandikwa na watu kadhaa kwa pamoja, kila mmoja akiwa na sehemu yake. Tena ina tabia moja ya hatari. Fundi mwashi akijenga ukuta uliopinda, hata mpita njia atauona. Lakini programu iliyopinda haionekani kwa macho. Huweza kufanya kazi kwa miezi, huku ikitoa majibu yenye sura ya ukweli, mpaka siku mtu aumie ndipo ufa uonekane.

Zamani desturi ya wataalamu wengi wa kazi hii ilikuwa kupanga kila kitu mwanzoni, kujenga kwa mwaka mmoja au zaidi, na mwisho wa yote kukutana ili kutazama nini kilikwenda vibaya. Kikao hicho cha mwisho walikiita kwa jina walilolitwaa hospitali: uchunguzi wa maiti. Jina hilo lilifaa sana, maana uchunguzi wa maiti huweza kueleza sababu ya kifo, lakini haumponyi aliyelala pale mezani. Kilikuwa, kwa lugha yetu, kikao cha kuvunja kamati.

Mnamo Februari 1 mwaka 2001 haikuwa bado imefika zamu ya mabadiliko, lakini kabla mwezi huo haujaisha watu 17 waliokuwa na ujuzi mkubwa wa kazi hii walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika azimio fupi juu ya namna bora ya kutengeneza programu. Njia hiyo wataalamu wetu huiita ejaili, kwa kulifuata neno la Kiingereza lenye maana ya wepesi wa kugeuka. Azimio lao liliambatana na kanuni 12, na kanuni ya mwisho ndiyo inayotuhusu hapa. Inaagiza kwamba timu, kila baada ya muda fulani, ikae na kutafakari namna ya kufanya kazi yake vizuri zaidi, kisha ibadili mwenendo wake ipasavyo. Angalia, ndugu msomaji, tofauti iliyopo. Kikao kimetolewa mwisho wa safari kikawekwa njiani. Katika mtindo mmoja wa ejaili, uitwao skramu, kazi hukatwa katika mizunguko isiyozidi mwezi mmoja, na timu nyingi hupenda majuma mawili. Na kila mzunguko hufungwa kwa kikao cha kutazama nyuma. Makosa ya juma lililopita husemwa huku juma lijalo likiwa bado lipo mikononi.

Wenye kuisomea kazi hii wamekiandikia kikao hicho vitabu. Norman Kerth, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliweka sharti ambalo vikao vingi husomewa kabla ya kuanza: kwamba, lolote litakalogunduliwa, wote waliomo wakubali kwamba kila mmoja alifanya kadiri alivyoweza, kwa ujuzi aliokuwa nao na hali iliyokuwapo wakati ule. Esther Derby na Diana Larsen, katika kitabu cha mwaka 2006, walikigawa kikao katika hatua tano: kuwaandaa watu, kukusanya mambo yaliyotokea, kutafuta maana yake, kuamua la kufanya, na kufunga. Hayo yote niliyasoma, nikayakariri, nikawafundisha vijana wangu. Nami nilidhani nimekwisha yajua.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kiongozi wa timu ya watu saba hapa Dar es Salaam. Tulipewa kazi ya kutengeneza programu ya kuandikisha korosho za wakulima katika ghala la chama kimoja cha msingi katika mikoa ya kusini. Mkulima huleta magunia yake, karani huyapima moja moja, na uzito huingizwa katika kompyuta. Kompyuta hujumlisha, hutoa stakabadhi, na baada ya mnada mkulima hulipwa kwa kadiri ya kilo zilizoandikwa. Sehemu ya kupokea uzito, kwa kuwa ndiyo roho ya programu yote, niliiandika mimi mwenyewe.

Juma la kwanza la msimu tulimwomba karani atumie programu na daftari lake kwa pamoja. Mwisho wa juma hilo tukafanya kikao chetu cha tafakari kama ilivyokuwa ada. Ubaoni nilichora safu tatu: yaliyokwenda vizuri, yaliyotukwamisha, na tutakayobadili. Kila mmoja alipewa vikaratasi aandike asilotaka kusahau, bila ya kutia jina, avibandike ubaoni. Nikasimama mimi, nikavisoma kimoja kimoja. Umeme wa ghalani hukatika. Wino wa mashine ya kuchapia umekwisha. Karani anajifunza upesi, tumshukuru. Kisha nikafika kwenye kikaratasi kilichokuwa na neno moja tu na alama ya kuuliza: "Mizani?"

Nikageuka. "Nani ameandika hiki?"

Sikuuliza kwa ukali, au ndivyo nilivyojidhania. Lakini hakuna aliyejibu. Nikangoja kidogo, nikasema, "Basi, tuendelee," nikakikunja kikaratasi mkononi. Kikao kikaisha kabla ya saa yake, nasi tukajipongeza kwa hilo. Kwa kuwa mambo yalionekana shwari, tukamshauri karani aliache daftari, asifanye kazi moja mara mbili.

Baada ya majuma mawili zaidi nilisafiri kwenda huko kutazama kazi inavyoendelea. Malipo ya mnada wa kwanza yalikuwa yamekwisha tolewa. Nilikuwa nimesimama na karani mlangoni mwa ghala, akaja mzee mmoja amekamata daftari la shule lililokunjamana. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaketi juu ya gunia, akalifungua daftari lake bila ya haraka. Alikuwa ameandika uzito wa kila gunia lake kama alivyousoma kwenye mizani kwa macho yake. Alikuwa akifanya hivyo, alisema, tangu alipokuwa kijana akimfuata baba yake mnadani, kwa sababu mizani huambiwa na watu la kusema.

"Korosho zangu," akasema, "zimepungua baina ya mizani na karatasi. Hapo katikati kuna nani?"

Nikalichukua daftari lake na stakabadhi, nikalinganisha. Gunia la kwanza: mzee kaandika kilo 61.4, programu imeandika 61. La pili: 58.9, programu 58. La tatu: 63.7, programu 63. Magunia hayo matatu, kwa mizani, yalikuwa kilo 184 kamili. Kwa programu, 182. Katika magunia yake 14 alikuwa amepoteza zaidi ya kilo 6. Programu yangu ilikuwa ikiitupa kila sehemu iliyozidi kilo nzima. Haikukadiria juu wala chini; ilikata tu, na kila mara ilikata upande wa mkulima.

Hapo katikati, basi, nilikuwapo mimi.

Kilo 6 si kitu kwa mtu anayenunua korosho za kutafuna jioni. Kwa mtu aliyepalilia, aliyepulizia dawa, akaokota moja moja chini ya mti, na kubeba hadi ghalani, ni daftari na sare ya mtoto. Tena hakuwa yeye peke yake. Ghala lote lilikuwa limepita katika mashine ile. Korosho zenyewe hazikupotea. Zilikuwapo ghalani, zinaonekana, ila hazikuwa na mwenyewe. Wale wa juma la kwanza walilipwa pungufu yao, kwa kuwa daftari la karani lilikuwapo. Wale wa majuma mawili yaliyofuata hawakuwa na ushahidi isipokuwa wachache wenye daftari kama mzee yule, maana sisi ndio tuliomwambia karani asiandike. Chama kiliwakadiria nusu kilo kwa kila gunia. Wengi walikubali. Baadhi walikataa, na sikuweza kuwalaumu.

Niliporudi Dar es Salaam niliitisha kikao. Safari hii tulitumia njia iliyozoeleka katika viwanda vya magari vya Toyota huko Japani, ambayo Taiichi Ohno aliieneza: kuuliza "kwa nini" mara tano, ili mtu asiridhike na jibu la juu juu. Kwa nini mkulima alipunjwa? Kwa sababu programu iliandika kilo nzima tu. Kwa nini iliandika kilo nzima tu? Kwa sababu mahali pa kutunzia uzito paliwekwa kwa namba zisizo na desimali. Kwa nini paliwekwa hivyo? Kwa sababu mimi, nilipoijaribu ofisini, nilitumia mfano wa magunia ya kilo 60 na kilo 65, nisikumbuke kwamba gunia la mkulima halijui namba kamili. Kwa nini kosa hilo halikuonekana katika juma zima la majaribio?

Hapo kikao kikanyamaza. Kisha binti mmoja, mdogo kuliko wote katika timu, aliyekuwa ametoka chuoni mwaka mmoja tu nyuma, akasema kwa sauti ndogo, "Lilionekana, Mwalimu."

Aliniita Mwalimu kwa kuwa nilimfundisha kazi alipokuja kwetu kwa mafunzo. Alikuwa amelinganisha kurasa mbili za daftari la karani na programu, akaona. Kikaratasi chenye neno "Mizani?" kilikuwa chake.

Likabaki swali la tano. Kwa nini lililoonekana halikusemwa? Nilimwuliza, na jibu lake nimelihifadhi moyoni hadi leo. "Sehemu ile uliiandika wewe," akasema. "Nikadhani labda iko sababu nisiyoijua. Na ulipouliza nani ameandika, nikaona nimekosa adabu."

Nilifikiri sana juu ya jibu hilo. Wepesi wa kwanza unaomjia mtu aliyesoma ni kulaumu mila. Atasema kwamba sisi tumelelewa tusipingane na wakubwa, kwamba tunao msemo wa asiyesikia la mkuu kuvunjika guu, na kwa hiyo njia kama hii ya kusemana waziwazi, iliyozaliwa Utah, haiwezi kuota katika udongo wetu. Nami kwa siku chache niliamini hivyo, maana ilinipa faraja: kosa likawa la mila, si langu. Lakini kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoona kwamba si kweli. Mzee yule wa daftari hakukosa adabu. Aliitika salamu yangu, akaketi, akaniita mwanangu, kisha akanitia hatiani kwa swali moja. Heshima haikumzuia kusema. Ilimfundisha namna ya kusema. Kilichomfunga mdomo yule binti si heshima bali ni woga, na woga ule niliutia mimi nilipouliza nani ameandika badala ya kuuliza nini kimetokea.

Aidha utamaduni wetu una vyombo vyake vya kuruhusu ukweli upite bila kuvunja udugu, na kimojawapo ni utani. Wanyamwezi waliosafiri na misafara hadi pwani walifanya utani na Wazaramo. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, waliugeuza uadui wao kuwa utani. Mtani huruhusiwa kusema msibani yale ambayo ndugu wa marehemu hawathubutu kuyasema. Ataiga mwendo wa marehemu, atataja ubahili wake, atadai fidia kabla kaburi halijafukiwa, na wafiwa watacheka huku machozi yakiwatoka. Wazee wetu walijua kwamba kila jamii ina mambo ambayo lazima yasemwe na hapana wa kuyasema, wakamteua mtu wa kuyasema, wakamkinga kwa desturi ili asichukiwe. Sharti lile la Norman Kerth, kwamba asiyekuwa na nia mbaya asihukumiwe, ni kinga ya namna hiyo hiyo, ila yake imeandikwa kitabuni, na ya kwetu imeandikwa katika kicheko.

Wala si katika mila za makabila tu. Taifa letu lenyewe lilianza maisha yake kwa kujikosoa. Mwaka 1962, Uhuru ukiwa haujafikisha hata mwaka mmoja, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chenye jina la amri inayotuhusu sote, Tujisahihishe, akiwataka wanachama wa TANU wayaseme makosa yao kwa uwazi. Na moja ya hoja zake ni kwamba ukweli hauangalii cheo cha anayeusema. Na mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliandika taarifa ya kulipima Azimio hilo, akataja yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na siasa ya miaka ile, lakini hawezi kukana kwamba wazo la kusimama njiani na kutazama nyuma lilikwisha semwa kwa Kiswahili, tena kwa Kiswahili chepesi, miaka mingi kabla ya mkutano wa Snowbird. Kwa hiyo yule anayetuambia kwamba kikao cha kujisahihisha ni mgeni kwetu hajatazama vizuri nyumbani kwake.

Baada ya kisa kile tulibadili mambo machache katika vikao vyetu. Kwanza, mimi niliacha kuviongoza. Uenyekiti ukawa wa zamu, na mwenye zamu ndiye anayesoma vikaratasi. Pili, tukaanza kusema kwa kufuata umri wa kazi, mdogo kwanza na mkubwa mwisho, kwa maana mkubwa akitangulia kusema, wadogo hubaki na kazi ya kuitikia tu. Tatu, tulipiga marufuku swali la "nani". Mahali pake tukaweka "nini" na "kwa nini". Nne, hatukuruhusu kikao kitoke na maazimio kumi ambayo hapana atakayeyatimiza. Tulichagua moja au mawili, kila moja likapewa mtu na tarehe, na kikao kilichofuata kilifunguliwa kwa kuuliza kama yametimizwa.

Jambo la tano lilikuja lenyewe. Mimi asili yangu ni Iringa, na katika timu alikuwapo kijana mmoja Mngoni wa Songea. Juma moja, mimi nikiwa nimechelewesha kazi ya wenzangu, kikao kilikuwa kimeanza kunyong'onyea, kila mtu akitazama viatu vyake. Yule kijana akainuka akasema, "Wenzangu, msimwonee haya huyu Mhehe. Mbwa wamekwisha Iringa, sasa anakula kilo za korosho na siku zetu za kazi." Tulicheka mpaka wa ofisi ya jirani wakachungulia. Kisha, kicheko kilipotulia, yule binti mdogo alieleza kwa utaratibu, bila kutetemeka, siku ngapi wamepoteza kwa kunisubiri na nini kifanyike. Utani ulikuwa umefungua mlango, na hoja ikapita.

Hapana budi kuonya pia. Kikao hiki si mahakama. Aliyeiba kwa makusudi ana mahali pake pa kushitakiwa, na kumfunika kwa jina la kujifunza ni kuwadhulumu wengine. Kadhalika si chombo cha mkubwa kukusanya siri za wadogo. Siku moja tu ambapo neno lililosemwa kikaoni litatumiwa kumnyima mtu cheo, vikaratasi vyote vitaanza kusifu umeme na wino. Tena, kikao kikifanywa kwa mazoea, kila mtu akiandika mambo yale yale juma baada ya juma, huwa kama kengele ya shule iliyofungwa: hulia, lakini hapana anayeingia darasani.

Nawaandikia walimu na wanafunzi kwa sababu naamini kwamba tabia hii haianzi ofisini. Huanza darasani. Mwanafunzi anaporudishiwa karatasi yake ya mtihani, jicho lake hukimbilia alama, kisha karatasi hukunjwa. Mtihani umevunjiwa kamati. Lakini mwalimu akichukua kipindi kimoja, wanafunzi wakae katika vikundi, wajiulize si nani alifeli bali swali gani liliwaangusha wengi na kwa nini, karatasi ile ile itafundisha mara ya pili. Na kuna hatua ngumu zaidi ambayo namwomba mwalimu aijaribu. Mwisho wa juma awape wanafunzi vikaratasi visivyo na majina, awaulize: Ni kitu gani katika kufundisha kwangu hamkukielewa? Majuma ya kwanza watamsifu. Asivunjike moyo, wala asitabasamu sana kwa sifa hizo. Siku moja kitatokea kikaratasi chenye neno moja na alama ya kuuliza. Siku hiyo asikikunje, wala asiulize nani ameandika. Kikaratasi kile nilichokikunja mimi kilikuwa na thamani ya majuma mawili ya jasho la watu.

Mwaka jana niliingizwa katika kamati ya harusi ya mpwa wangu. Katika kikao cha tatu, siku ya harusi ikiwa bado mbali, niliomba robo saa tutazame tulivyofanya kazi mpaka hapo, na wadogo waanze. Wakubwa walinitazama kwa mshangao. Mmoja aliniuliza kama nataka kuvunja kamati kabla ya harusi. Nikamwambia ndiyo, kidogo tu. Kimya kikapita. Kisha mtoto wa jirani, kijana wa kidato cha tatu aliyekuja kusaidia kugawa kadi, akanyoosha mkono kama yuko darasani, akasema kwamba nyumbani kwao waliwahi kunyeshewa kwa kuchelewa kukodi maturubai, na sisi tumepanga sherehe katika mwezi wa masika.

Maturubai yalikodiwa kesho yake. Na siku ya harusi mvua ilinyesha.